Blauzi ya Shingo ya Kulegea: Kitambaa Ndicho Huamua Paterni

Mzozo kati ya fundi na mteja Makongeni mara nyingi huanzia kwenye simu. Mteja anafika kibandani na picha ya blauzi ambayo shingo yake imelegea na kuanguka kifuani kwa mikunjo laini, kisha anatoa kwenye mfuko mita moja na nusu ya kitenge. Fundi anampima, anapokea amana, anachukua paterni aliyomshonea mteja wa wiki iliyopita blauzi kama hiyo kwa satini, na anakata. Jumamosi mteja anakuja kuchukua nguo yake na kukuta shingo imesimama kama ukingo wa kikapu. Kitambaa kimeshakatwa na dukani hakirudi. Nani alipe?

Katika visa vingi vya namna hii hakuna aliyekusudia kumdhulumu mwenzake, na cherehani haikuwa na kasoro. Kosa lilitokea kwenye karatasi, kabla mkasi haujaguswa. Paterni iliyochorwa kwa ajili ya kitambaa kinachomiminika haiwezi kutumika vile vile kwa kitambaa kinachosimama, wala kwa kile kinachovutika. Fundi anayelijua hili huokoa fedha zake, na mteja anayelijua huuliza swali linalofaa kabla ya kununua.

Wakazi wa Makongeni, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, wako karibu na vitambaa vya kila aina. Gikomba kuna mitumba na mashuka yanayoweza kugeuzwa nguo. Eastleigh kuna majora ya satini, shifoni na krepu. Katikati ya jiji, Mtaa wa Biashara una leso na vitenge, na ukifuata Barabara ya Jogoo kuelekea Jericho kuna Soko la Uhuru, ambako mafundi wa nguo wamejaa. Wingi huo wa vitambaa ni neema, lakini ndio pia unaowachanganya mafundi wanaoanza kazi.

Kinachofanya shingo ilegee

Shingo ya aina hii hulegea kwa sababu moja: ukingo wa kitambaa ni mrefu kuliko nafasi iliyopo kati ya bega na bega. Mtu yeyote anaweza kulithibitisha nyumbani kwa kamba. Pigilia misumari miwili ubaoni, usawa mmoja, umbali wa sentimita 20. Funga kamba ya sentimita 20 na itakaza, haishuki hata kidogo. Funga ya sentimita 25 na katikati yake itashuka karibu sentimita 7. Funga ya sentimita 30 na itashuka takriban sentimita 10.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo moyo wa paterni yote. Sentimita 20 ni kipimo cha kawaida kati ya sehemu mbili za mabega ambako shingo ya blauzi pana huanzia. Fundi anayeongeza sentimita tano bila kupima anashusha shingo kuliko anavyodhani, na tofauti kati ya blauzi ya kanisani na ile ambayo mama mkwe hataki kuiona mara nyingi ni hizo tano. Kwenye mwili kipimo hubadilika kidogo, kwa kuwa kitambaa hakining'inii hewani bali huzunguka shingo na kuegemea kifua. Hata hivyo kamba na misumari hutoa makadirio mazuri ya kuanzia.

Kujua kitambaa kabla ya kuchora

Lebo ya dukani haitoshi. Kuna satini nyepesi inayoteleza kama maji na satini nzito inayosimama kama pazia, na zote mbili huitwa satini. Maabara za nguo hupima umiminikaji wa kitambaa kwa kulaza duara la kitambaa la sentimita 30 juu ya sahani ya sentimita 18 na kuangalia kivuli cha kitambaa kinachoning'inia. Kibandani, gorogoro lililopinduliwa linafanya kazi hiyo vizuri. Kata au kunja kitambaa kiwe kama duara, kilaze juu ya bati, kisha utazame. Kikishuka karibu na ubavu wa bati na kufanya mikunjo mingi midogo, kitambaa kinamiminika. Kikitanuka kama mwavuli chenye mikunjo miwili mitatu mipana, kinasimama. Mteja anaweza kufanya hivyo hivyo dukani kwa kuning'iniza pembe ya kitambaa juu ya ngumi yake, na hakuna muuzaji atakayemkataza.

Jaribio la pili ni la kuvuta. Shika kitambaa mahali penye sentimita 10, ukivute kwa upana bila kukilazimisha. Kikifika sentimita 15 kina mvutiko wa asilimia 50. Kisipovutika kabisa, kivute tena kwa mshazari, yaani kutoka pembe hadi pembe. Hapo karibu kila kitambaa kilichofumwa kitaachia. Sababu ni kwamba nyuzi za urefu na nyuzi za upana hupishana na kufanya miraba midogo, na mraba ukivutwa kwa pembe zake hurefuka na kuwa mwembamba. Kwa hiyo mafundi hukata mbele ya blauzi hii kwa mshazari: kitambaa kisichokubali kulegea kikiwa kimenyooka hukubali kikilazwa hanamu.

Mfaransa Madeleine Vionnet, aliyekuwa na duka la mavazi Paris hadi mwaka 1939, alijipatia sifa duniani kwa ukataji wa namna hii. Alibuni nguo zake juu ya mwanasesere wa mbao wa nusu ya kimo cha mtu, kisha ndipo akazikuza. Mbinu hiyo bado inafaa kwa fundi asiye na kitambaa cha kuchezea. Nusu ya kila kipimo hutumia robo tu ya kitambaa.

Kuchora paterni

Kazi huanza na paterni ya msingi ya mbele, nusu ya mwili, isiyo na nafasi ya mshono. Ichapishwe kwenye karatasi ya kaki na ile ya asili iwekwe kando, maana karatasi itakatwakatwa. Kwanza fundi anaweka alama mpya begani, sentimita tatu au nne kutoka shingoni, mahali ambapo ukingo wa shingo utaanzia.

Kisha dati. Ikiwa paterni ina dati ya kiunoni, ile pembe inayoshonwa ili kiuno kibane na kifua kipate nafasi, fundi huikunja ifungwe na kufungua nafasi hiyo hiyo katikati ya mbele, juu. Nafasi haikupotea, imehamia shingoni. Kwa kitambaa kinachomiminika, hatua hii peke yake mara nyingi inatosha kuleta mkunjo mmoja mzuri, na anayejifunza anashauriwa aishie hapo kwa blauzi zake mbili tatu za kwanza.

Anayetaka mikunjo zaidi huchora mistari miwili au mitatu iliyopinda kidogo, kutoka katikati ya mbele hadi begani. Kila mstari hukatwa kuanzia katikati na kuachwa ukishikana kidogo sana begani, kama mlango kwenye bawaba. Kisha vipande hufunguliwa, kila kimoja kwa sentimita tatu hadi tano, na kubandikwa juu ya karatasi mpya. Kila mstari uliofunguliwa utazaa mkunjo wake.

Sasa inakuja hatua ambayo huharibu kazi nyingi. Mstari mpya wa katikati ya mbele lazima unyooke kabisa, na mstari wa shingo unaotoka kwenye alama ya bega lazima ukutane nao kwa pembe mraba, nyuzi 90. Rula ya mraba itumike, si macho. Pembe ikiwa pungufu au zaidi, shingo iliyofunguliwa itakuwa na ncha katikati badala ya mkunjo wa duara, na hakuna pasi itakayoitoa. Mstari huo wa shingo, kutoka bega hadi katikati, ndio nusu ya ile kamba ya misumari: ukiwa sentimita 15, shingo nzima ya mbele ni sentimita 30.

Juu ya mstari huo huongezwa sentimita sita hadi nane za pindo la ndani, zikifuata umbo la bega kwa kinyume, kama kivuli kwenye kioo. Pindo hili hukatwa pamoja na blauzi yenyewe wala halishonwi kando. Mshono kwenye ukingo wa shingo ungeufanya ukakamae. Nafasi ya mshono huongezwa mwisho, na mstari wa mshazari huchorwa kwenye karatasi kwa rula ili usisahaulike wakati wa kukata.

Kwa nini fundi huomba kitambaa kingi

Hapa ndipo wateja wengi humshuku fundi bure. Tuseme kipande cha mbele, kikiwa kimefunguliwa chote, kina upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 65. Kikilazwa moja kwa moja kinachukua sentimita 65 za jora. Kikilazwa mshazari kinahitaji mraba wa takriban sentimita 88 kila upande. Mgongo, ambao unaweza kukatwa bila mshazari, unachukua sentimita 65 nyingine, na mikono mifupi hutoka pembeni mwake. Jumla ni sentimita 153.

Kitenge cha kawaida kina upana wa sentimita 115 hivi, kwa hiyo mraba unaenea. Lakini ile mita moja na nusu ya mteja wetu wa mwanzo ni sentimita 150, pungufu kwa tatu, hata kabla kitambaa hakijafuliwa na kunywea. Na ikiwa muuzaji alipima kwa yadi, yadi moja na nusu ni sentimita 137 tu. Kwa kila yadi anayouziwa badala ya mita, mnunuzi anapungukiwa karibu sentimita tisa. Mnunuzi aulize kabla ya kulipa kama bei ni ya mita au ya yadi, na asimame aone kitambaa kikipimwa. Biashara ya haki na masoko ni miongoni mwa majukumu ambayo Katiba ya mwaka 2010 iliyakabidhi serikali za kaunti, na mwenye shaka na kipimo cha duka ana haki ya kulalamika kwa maafisa wa vipimo.

Blauzi ya mshazari, basi, inahitaji mita mbili. Fundi anayezitaja hataki kubaki na vipande vyako. Hata hivyo vipande ni vya mteja, na ni adabu ya kazi kumrudishia bila kuombwa.

Kitambaa kwa kitambaa

Satini nyepesi na krepu ndizo rafiki wa shingo hii. Krepu humsamehe anayejifunza, kwa kuwa uso wake wenye chembechembe hauonyeshi kila alama. Satini haina huruma. Tundu la sindano halifutiki, kwa hiyo pini ziingizwe ndani ya nafasi ya mshono pekee, na mshono uliokosewa ukifumuliwa utaacha mstari wa vitobo. Itumike sindano mpya nyembamba. Na kwa kuwa mshazari hurefusha kitambaa na kukipunguza upana, ubavuni pawekwe nafasi ya mshono ya sentimita mbili na nusu hadi tatu badala ya moja na nusu iliyozoeleka. Bila akiba hiyo, nguo iliyokuwa sawa mezani itabana mwilini.

Shifoni ni nyepesi kiasi kwamba inabeba mikunjo mingi bila kuonekana imevimba, hivyo mistari inaweza kufunguliwa hata sentimita tano kila mmoja. Tatizo lake ni kwamba huteleza mezani na mwanga hupita. Tatizo la kwanza hutatuliwa kwa kulaza karatasi chini ya kitambaa na kuvikata pamoja. La pili hutatuliwa kwa bitana. Na bitana haikatwi kwa paterni ya mikunjo. Hukatwa kwa ile paterni ya msingi iliyowekwa kando, yenye dati yake, ikiwa na shingo ya kawaida. Ikishikanishwa begani na ubavuni, bitana hiyo inakaa mwilini, inaizuia blauzi isivutwe na uzito wake, na hata shingo ya nje ikining'inia, ya ndani inasitiri.

Kitenge kinataka mazungumzo ya wazi na mteja. Pamba hii, hasa ikiwa mpya na bado ina wanga wa kiwandani, husimama. Ifuliwe kwanza, ianikwe, ipigwe pasi, kisha ipimwe tena kwa gorogoro. Ikilainika, inaweza kukubali mkunjo mmoja mfupi kwa mshazari, kamba ya sentimita 25 na si zaidi. Isipolainika, ni afadhali fundi apendekeze marinda yaliyobanwa begani na kuachiwa kifuani, ambayo kitenge hushika vizuri kuliko satini. Mteja anaweza kusikitika kidogo siku hiyo. Atasikitika zaidi Jumamosi.

Leso ina shida ya namna yake. Kitambaa chake ni chepesi kuliko cha vitenge vingi, na kwa ukubwa wa takriban sentimita 150 kwa 110 ule mraba wa sentimita 88 unaenea. Lakini leso ina pindo, ina mji, na ina jina. Ikikatwa mshazari, maneno yatapanda kutoka kiunoni hadi begani kama ngazi, na huenda yakakatikia kwapani. Kuna wanaopenda hivyo. Mwenye leso aliyoichagua kwa ajili ya maneno yake hatapenda, kwa hiyo fundi alaze karatasi juu ya leso mbele yake na amwonyeshe jina litaishia wapi, kabla ya kukata.

Vitambaa vya kuvutika, vile vya fulana na magauni ya kubana, vina kanuni nyingine kabisa. Havihitaji mshazari, kwa sababu vinalegea vyenyewe, na dati nyingi huondolewa. Mabadiliko makubwa ni ya upana. Mwanamke mwenye kifua cha sentimita 96 akishonewa krepu, paterni yake huongezewa nafasi ya kupumua ya sentimita sita hadi nane na kufika 102 au 104. Akishonewa kitambaa chenye mvutiko wa asilimia 50, paterni inaweza kupunguzwa kwa asilimia tano na kuwa sentimita 91. Mwili ni ule ule, paterni zinatofautiana kwa zaidi ya sentimita 10. Sindano nayo ibadilishwe iwe ya ncha ya mviringo, na mshono uwe wa zigizaga au wa ovaloki. Mshono ulionyooka hukatika mara mwenye nguo anapoivuta kupitisha kichwani.

Jaribio la bei nafuu

Hakuna fundi anayepaswa kukata satini ya mteja kwa paterni ambayo haijawahi kujaribiwa. Kitambaa cha marekani, kile cheupe cha pamba kisichotiwa rangi, kimetumika kwa kazi hii miaka mingi. Jina lake ni kumbukumbu ya karne ya 19, wakati majora ya pamba kutoka Massachusetts yalipokuwa yakishushwa Zanzibar. Lakini marekani inafaa kwa kujaribu vitenge na pamba tu. Kwa satini na shifoni jaribu na kitambaa kinachomiminika, kama vile gauni kuukuu la mtumba, na kwa vitambaa vya kuvutika tumia fulana kubwa ya zamani. Jaribio lililofanywa kwa kitambaa cha tabia nyingine litakudanganya.

Paterni ikishakubalika, inakiliwe kwenye kadibodi na iandikwe kwa kalamu nzito aina ya kitambaa, tarehe na kipimo cha kamba. Fundi mwenye seti tatu, ya kinachomiminika, ya kinachosimama na ya kinachovutika, hahitaji kuanza upya kila mara.

Wanaotaka kujifunza uchoraji wa paterni kwa utaratibu wanaweza kuulizia mafunzo ya ushonaji katika vyuo vya ufundi vya kaunti, ambavyo Katiba imeviweka chini ya serikali za kaunti. Fundi aliyejifunzia kibandani bila cheti anaweza kuulizia mitihani ya ufundi katika Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA.

Siku ya kujaribisha

Blauzi ya mshazari isipindwe chini siku ile ile iliyoshonwa. Itundikwe usiku kucha kwenye hanga, nyuzi zijinyooshe, ndipo pindo la chini lisawazishwe. Bila hivyo, baada ya wiki mbili upande mmoja utakuwa mrefu kuliko mwingine na mteja atarudi.

Mteja naye aje kujaribisha akiwa na sidiria atakayoivalia blauzi hiyo, kwani inabadilisha mahali mikunjo inapoangukia. Asisimame tu mbele ya kioo. Fundi amwombe akae, ainue mikono, kisha ainame kama anayemchukua mtoto sakafuni. Shingo ikifunguka kupita anavyotaka, bado kuna nafasi ya kurekebisha kwa kuishonea bitana ndani, au kwa kushonea kifungo kizito kilichofunikwa kitambaa katikati ya pindo la ndani, kiuvute mkunjo urudi mahali pake anaponyooka.